Nikikohoa, Gonga Kikombe

Wajukuu zangu, na ninyi vijana wengine mtakaosoma, mliniomba niandike habari za kiwanda cha chai, nilikofanya kazi mpaka nywele zikawa nyeupe. Nitaandika. Ila niwaambie mapema kwamba leo si siku nzuri ya kuandika. Mkamwana wangu, mke wa mwanangu Ipyana, amekwenda Tukuyu peke yake kwa mara ya kwanza tangu alipougua, na mimi nimekaa hapa barazani kalamu mkononi, masikio yote yako njiani. Mkiona nimeruka kutoka jambo hili kwenda lile, msinicheke. Hivyo ndivyo kichwa changu kilivyo tangu asubuhi.

Ameaga kwamba anakwenda kumnunulia mwanawe viatu vya shule. Mtoto mwenyewe, Lugano, yuko Igogwe kwa bibi yake mzaa mama, na keshokutwa analetwa hapa Masoko kuishi tena na mama yake. Nilitaka kwenda naye sokoni. Koti nilishalivaa. Akaniangalia, akasema, "Baba, ukinifuata kila mahali, si utakuwa umenishindilia kwenye gunia?"

Nikavua koti. Maneno hayo ni yangu mwenyewe, amenirudishia.

Basi tuanze na hilo gunia.

Jani la chai likichumwa halijafa. Linaendelea kupumua, na likipumua linatoa joto. Ukilitandaza kwenye hewa linatulia, linapoteza maji yake polepole, linalegea, ndipo linafaa kwenda kwenye mashine. Hiyo ndiyo kazi ya kunyausha, na ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Lakini ukilishindilia ndani ya gunia ili gari libebe mengi, joto linakosa pa kutokea. Juu utaona jani la kijani, zuri kabisa. Katikati limeshaungua, limekuwa jekundu, na hakuna fundi chini ya jua atakayelirudisha.

Aliyenifundisha ni Bwana Shabani, nyapara wa chumba cha kunyaushia. Babu yake alikuja huku kutoka pwani na biashara ya nguo, lakini yeye alizaliwa hapa hapa Tukuyu, na alitutania kwa Kinyakyusa safi kuliko cha baadhi yetu. Siku yangu ya kwanza alinisimamisha mbele ya gunia.

"Humo mna nini?"

"Majani, Bwana Shabani."

"Yana hali gani?"

Nikatazama. "Yana hali nzuri."

Alinishika mkono akauzamisha ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, nikauchomoa kwa kelele, maana katikati kulikuwa na moto. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Yeye hakucheka. "Usiniambie jani lina hali gani kwa macho," alisema. "Mkono kwanza, maneno baadaye."

Niliyasikia maneno hayo kila zamu, miaka yote mpaka alipostaafu. Nilidhani ni ya chai tu.

Sasa niwaeleze huyu mkamwana. Ameniruhusu niandike, na amesema niandike yote, maana huenda mmoja wenu ana ndugu ndani anayepita njia hiyo hiyo. Jina lake sitaliandika. Namwita Mama Lugano, kama nilivyomwita siku zote.

Yeye na Ipyana waliishi Tunduma, pale mpakani. Ipyana anaendesha lori la mizigo. Mama Lugano alikuwa akiwapikia chakula madereva wanaosubiri kwenye foleni ya kuvuka, na foleni ile haina mchana wala usiku. Kuna mtu alimwonjesha kitu cha kumwondolea usingizi, vipande vyeupe mfano wa chumvi ya mawe. Vijana mnakijua, mnakiita aisi. Mwanzoni alipika bila kuchoka na kila mtu akamsifu. Mwishoni alikuwa hali, halali, anajikwangua mikono mpaka inatoka damu, na anasema kuna watu wamejificha darini wanamsema.

Ipyana alimleta kwangu na gari la kukodi. Alinikuta nikipalilia kahawa. Alisimama mbali, kofia mkononi, na nikajua kuna jambo, maana yule kijana havui kofia hata kwa mkuu wa wilaya.

"Mzee, nimeshindwa," alisema. "Nikikaa naye tunagombana. Nikimwacha, wanamletea. Huku hakuna anayemjua."

"Na mtoto?"

"Nimempeleka kwa mama mkwe."

Mwaonaje hapo? Mimi mjane, mke wangu alishatangulia, na ninaletewa mkamwana mgonjwa nimtunze. Kwa kabila lingine pengine si neno. Kwetu Wanyakyusa kuna jambo tunaliita kutila. Ni heshima ya mkamwana kwa baba mkwe wake: hamtazami usoni, hataji jina lake, wakikutana njiani yeye hujitenga migombani mpaka mzee apite. Na mzee naye ana wajibu. Kabla hajafika uani lazima akohoe, ili mkamwana apate nafasi ya kupisha. Najua mjini mmeacha, na hata vijijini wengi wamelegeza. Mimi sikuwahi kulegeza. Tangu Ipyana aoe, nilikuwa sijawahi kukaa chumba kimoja na mkewe, na sura yake niliijua zaidi kwenye picha ya harusi.

Nilimtuma mtu kwa dada yangu Subilaga, mkubwa wangu, aje haraka. Akaja na kitenge kimoja na maneno mengi. Yeye akawa ndiye wa kuingia chumbani, kumwogesha, kumlisha, kulala naye. Mimi nikawa wa nje: kuni, maji, ndizi, na kusikiliza.

Kabla ya yote tulimpeleka hospitali, kwa sababu ya wale watu wa darini. Muuguzi aliyetupokea alikuwa mama wa makamo asiyepoteza maneno. Alitueleza kwamba wale watu wataondoka akipata usingizi, na wasipoondoka tumrudishe. Akasema hakuna sindano ya kumtoa mtu kwenye aisi. Kuna usingizi, chakula, maji, utulivu na watu wa kumwangalia. "Atalala sana," alisema. "Akiamka atakula sana. Halafu huzuni itakuja, na hiyo ndiyo niiogopayo. Mkimsikia anasema maneno ya kuchoka kuishi, mwulizeni wazi, msizunguke. Kumwuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Na mje mara moja."

Dada Subilaga aliitikia, "Ndaga fijo, mama," yaani asante sana, lakini njiani akanikaba. "Niulize jambo kama hilo kwa mdomo wangu? Si ni kuita msiba?" Nami, kusema kweli, nilikuwa upande wake.

Alilala kweli. Jamani, alilala. Nilizunguka nyumba ile kwa hofu, nikamwamrisha dada aweke kiganja puani mwake aone kama anapumua. Akaweka. "Anapumua vizuri kukuzidi wewe," alisema. "Nenda kakate mgomba." Baadaye Mama Lugano akaamka, akala mbalaga, ndizi zetu za kupika, sahani baada ya sahani, akalala tena. Watu wa darini wakaondoka, kama muuguzi alivyosema.

Tatizo likawa ni pale dada alipokuwa nje, shambani au kisimani, na mimi niko peke yangu barazani, mgonjwa yuko nyuma ya ukuta. Nitajuaje hali yake? Sikuweza kuingia. Kumwita kwa sauti kila saa ni kumsumbua. Mama Lugano mwenyewe ndiye aliyetuma ufumbuzi kupitia kwa dada: "Mwambie baba, akikohoa mimi nitagonga kikombe ukutani. Atajua nipo."

Basi tukawa hivyo. Nakohoa, na nyuma ya ukuta kikombe cha bati kinaita, ko. Nilifarijika kuliko ninavyoweza kuandika. Na kwa kuwa macho yangu yamekatazwa, nikajifunza kusoma mengine kama nilivyosoma majani. Sahani inayorudi ina nini. Maji ya kunywa yamepungua kiasi gani. Kikombe kinagongwa upesi au kwa uvivu. Siku nyingine kiligongwa kwa hasira, nikaelewa kwamba kikohozi changu nacho kimezidi, nikaenda kukaa na mbuzi.

Ngojeni. Kuna gari limepita barabarani, ile Noah inayotoka Tukuyu. Nimesimama kutazama. Wameshuka watu wawili na gunia la mbolea. Si yeye.

Turudi kiwandani kidogo, nipate kupumua. Chai ikishakatwa na kuchacha, inapita kwenye tanuri la kukaushia. Hapo kuna mtego mmoja unaowanasa mafundi wote wanaotaka kwenda nyumbani mapema. Ukizidisha moto, chai inakauka upesi kwa nje, inachakarika mkononi, unaitikia "tayari" na kufungasha. Kumbe ndani ina maji. Ikikaa kwenye mifuko inavunda. Mkesha mmoja wa Krismasi zamu yetu ilifanya hivyo, na tukaenda kanisani tukiimba kwa sauti. Baada ya sikukuu Bwana Shabani alifungua mfuko mmoja, akainusa, akatutaka sote tuinuse mmoja mmoja, kwa mstari kama watoto wa chanjo. "Kavu nje, bichi ndani," alisema. "Heri ingebaki bichi kote, tungeijua."

Na mimi niliyenusa mfuko ule nilinaswa tena uzeeni.

Mama Lugano alianza kunawiri. Uso, aliniambia dada, umejaa. Alifagia uwanja, aliimba kidogo jikoni. Nilimpigia simu Ipyana nikamwambia mkeo amepona. Wakati huo huo akaja mgeni, mwanamke kijana, amesuka vizuri, ana mfuko wa maandazi. Alinipigia magoti. "Shikamoo, baba. Mimi ni rafiki yake wa Tunduma, tulikuwa tunapika pamoja. Nimesikia anaumwa, nikasema siwezi kupita Tukuyu bila kumwona."

Ningefanyaje? Mgeni amepiga magoti uwanjani kwangu. Kwetu mgeni haulizwi amefuata nini. Nilimkaribisha, nikamwambia dada apike chai, nikakata na mkungu wa ndizi aondoke nao. Walikaa chumbani wakicheka, na kicheko kile kilinifurahisha. Nilimsindikiza mwenyewe mpaka barabarani, nikambebea mkungu.

Kilichofuata ni kwamba mkamwana wangu akawa hodari kupita kiasi. Alifagia uwanja ulio safi. Alimenya ndizi za kulisha harusi. Nikikohoa, kikombe kilijibu kabla sijamaliza. Nikasema moyoni, kazi imeiva. Dada Subilaga ndiye aliyekaa kando yangu barazani akasema bila kunitazama, "Huyu halali. Na andazi alilopewa bado liko mezani."

Alipoulizwa hakukataa. Alilia. Mgeni wangu, niliyembebea ndizi, ndiye aliyemletea. Hasira niliyokuwa nayo sikujua niielekeze wapi.

Ipyana alipopigiwa simu alipiga kelele. "Mzee, mfungie! Weka kufuli kwenye mlango huo, mpe chakula dirishani. Wenzetu Tunduma ndivyo wanavyofanya!"

Kufuli lilikuwepo, la ghala ya kahawa. Nililishika. Sitawadanganya, nililipeleka mpaka mlangoni. Pale nikakumbuka gunia na kiwiko changu. Ukimfungia utamwona ametulia, mlango umefungwa, nje kila kitu kizuri. Katikati kutakuwa na moto, na hakutakuwa na mkono wa kuufikia. Nikarudisha kufuli kwenye kahawa, nikamwambia Ipyana, "Huyu hatashindiliwa. Atatandazwa." Sidhani kama alinielewa. Mama Lugano, kumbe, alikuwa anasikia yote nyuma ya pazia.

Tulifanya nini badala yake? Tulibadilisha laini ya simu yake, kwa hiari yake. Na nikaweka sheria ambayo imenichekesha mwenyewe: wageni wote wanapokewa barabarani. Nilipeleka benchi kule chini ya mkaratusi, chai inaletwa na chupa, mazungumzo yanaishia hapo. Kijiji kizima kilisema mzee amekuwa bahili uzeeni. Wacha waseme.

Lakini safari ile ya pili huzuni ilikuja nzito. Dada alisema mgonjwa haongei, anatazama ukuta. Sahani zilirudi kama zilivyokwenda. Kikombe kilijibu, lakini kwa kuchelewa, na kila kukicha kilichelewa zaidi. Nilianza kukiogopa kile kimya kilichokuwa kati ya kikohozi na kikombe. Nilikohoa, nikashika pumzi, na kichwani napiga sala.

Ndipo ikatokea msiba wa jirani. Mnajua kwetu msiba hauna udhuru. Dada alikwenda na wanawake wote, na wanaume walikwenda kuchimba kaburi. Mimi nikabaki kwa sababu ya mgonjwa. Ilikuwa mchana, jua linawaka, kuku wanapekua uwanjani. Nikakohoa.

Kimya.

Nikajiambia amelala. Nikakohoa tena kwa nguvu. Kimya. Nikakohoa mpaka kifua kikauma, kikohozi cha uongo kikawa cha kweli. Kikombe hakikujibu. Nilitazama barabarani nione mwanamke yeyote, hata mtoto wa kike, nimtume aingie. Hakuna mtu. Sauti za nyimbo za msiba zilitoka ng'ambo ya bonde.

Nilizunguka nyumba nikasimama mbele ya pazia la mlango wake. Vijana, ninyi mtasema, mzee si aingie tu! Nilikuwa nimelelewa kuamini kwamba baba mkwe anayeingia chumba cha mkamwana wake amejivua nguo mbele za watu. Baba yangu alikufa bila kuijua sauti ya mke wangu. Na nyuma ya pazia lile kulikuwa kimya.

"Mama Lugano," nikasema, "ninaingia." Nikaingia.

Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo umeegemea kitanda, kile kikombe kiko mapajani. Alikuwa hai. Nikakaa chini palepale mlangoni. Tukatazamana, na hakuna aliyegeuza uso.

"Baba, umeingia," alisema.

"Nimeingia."

"Nilikuwa nakusikia. Nilisema, akichoka kukohoa ataondoka, na mimi nitapumzika."

Kupumzika. Nilitamani kujifanya sikuelewa neno hilo. Nikamkumbuka muuguzi, nikauliza. "Unataka kujiua, mwanangu?"

Alikigeuza kikombe mapajani. Halafu akasema, "Nilikuwa nafikiria. Kila kitu hakina ladha, baba. Hata mwanangu nikimfikiria hana ladha. Mama gani huyo?"

Nilisogea nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi mchana ule wa jua, na ulikuwa mwepesi mno. Nilimwambia kitu kimoja tu nilichokijua kwa hakika. "Bwana Shabani alinifundisha: mkono kwanza, maneno baadaye. Maneno sina. Mkono huu hapa, na sikuondoka, na siondoki."

Akalia, nami nikalia. Nilimpigia kijana wa bodaboda aache kaburi aje. Nilimwondolea kila kitu nilichokiona cha hatari mle chumbani, sikumpa mgongo hata mara moja, na jua halijazama tulikuwa hospitali. Muuguzi yule yule alitupokea. Nilipomwambia nilimwuliza wazi, alitikisa kichwa kukubali, akanivutia kiti. Walimlaza, wakazungumza naye, wakampa na dawa ya ile huzuni. Dada alikaa naye wodini, mimi nje kwenye benchi, nikikohoa mara kwa mara karibu na dirisha mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepima kifua kikuu.

Dada Subilaga alipopata habari yote aliniuliza swali moja.

"Umemshika mkono mkamwana wako?"

"Nimemshika."

"Ulifanya vizuri," alisema. "Lakini usiende kulisema kanisani."

Kisha akasema mila haziachwi zikining'inia. Wazee walikuwa na njia ya kulegeza kutila pale ugonjwa unapolazimisha, na heshima ilifungwa kwa kuchinja. Tulichinja jogoo. Dada alimkalisha Mama Lugano upande mmoja wa mkeka na mimi upande wa pili, akatugawia, akasema kuanzia leo huyu ni binti yako na wewe ni baba yake, kuleni. Mama Lugano alikula paja zima. Mimi nilikuwa na aibu, nikala shingo.

Tangu siku ile imekuwa kazi ya kunyausha, haina njia ya mkato. Ile hamu humjia ghafla, akisikia harufu ya wali kama ule wa madereva, au bila sababu. Anakuja anasema, "Baba, imekuja," na tunatoka. Tunachuma kahawa, tunashuka mpaka lile ziwa dogo la hapa Masoko tunarudi, hatuzungumzi. Muuguzi alisema inapanda, inafika, inashuka, na ni kweli inashuka. Kuna wiki nzuri, na kuna siku ananikaripia kwa kijiko kilichopotea. Ladha ilirudi kidogo kidogo. Siku moja alionja mbalaga akasema dada amezidisha chumvi, na dada badala ya kukasirika alipiga vigelegele.

Je, amepona? Mkiniuliza nitawaambia siku hizi silitumii neno hilo. Natia mkono leo. Kesho nitautia tena.

Mvua imeanza sasa, ile yetu ya Rungwe isiyopiga hodi. Simu yake nimeipiga, haipatikani. Labda ni mtandao, mvua ikinyesha huwa hivyo. Labda ameizima. Pale stendi ya Tukuyu yanashuka magari yanayotoka mpakani, na duka la viatu liko karibu na stendi. Nimelifikiria hilo tangu asubuhi, sikumwambia. Yule rafiki aliyesuka vizuri anaweza kuwa ameshuka leo. Noah ya pili imepita, haikusimama. Nimekwenda mpaka kwenye benchi la wageni nimerudi nimelowa. Koti nimelivaa, nimelivua, nimelivaa. Nimejimiminia chai, imepoa sijaionja. Vijana, nawaandikia ili nisiende.

Mnisamehe mwandiko.

Naandika haya jioni, baada ya yaliyotokea. Nilikuwa nimeinamia karatasi, na mvua inapiga bati, nikasikia kikohozi nyuma ya migomba. Hakikuwa changu. Kilikuwa kikohozi cha kuigiza, kizito, cha mzee anayekaribia uani kwa mkamwana wake.

Nilinyakua kikombe, chai yote ikamwagika kwenye karatasi hizi, doa mtaliona. Nikakigonga ukutani. Nikakigonga tena na tena.

"Taratibu, baba, utakitoboa!"

Alitokea amelowa chapachapa, mfuko wa viatu ameufunika kwa kitenge, yeye mwenyewe kichwa wazi. Alisema gari liliharibika njiani na simu iliingia maji. Nilikuwa naona haya kumchunguza macho, na nilikuwa naogopa kutomchunguza.

Aliliona hilo. Aliweka mfuko chini, akapanda barazani, akaninyooshea mkono kabla sijauomba.

"Mkono kwanza," alisema. "Maneno baadaye."

Niliushika. Ulikuwa na baridi ya mvua, na ulikuwa umetulia. Viatu tulivitazama baadaye.